Barabara Ikikaribia Turathi: Sauti ya Mkazi Ina Nafasi Gani?

SOMO LA URAIA

Baada ya kusoma somo hili, mkazi ataweza:

- kutaja maeneo ya turathi ya kaunti yetu yaliyo karibu na barabara kuu, na kueleza thamani yake;
- kueleza kwa nini wananchi wa Lamu, Nairobi, Tanzania na Uingereza walipinga miradi mikubwa, na walichopata;
- kujua ni ofisi gani inayoamua nini, na ni wakati gani wa kutoa maoni;
- kuandika pingamizi au pendekezo lenye uzito.

Kwa nini somo hili sasa

Mkazi wa Nakuru hahitaji kuhubiriwa faida ya barabara. Aliyekwama kwenye msongamano kati ya Gilgil na mjini, au aliyempoteza jamaa katika ajali za Salgaa na Migaa, anajua barabara nyembamba ina gharama gani. Mkulima wa viazi wa Kuresoi anajua vilevile kwamba lori likizama kwenye matope, bei huamuliwa na mnunuzi, si yeye.

Hata hivyo, kaunti hii ina mali nyingine ambayo haijengeki upya. Barabara kuu inayotoka Nairobi kuelekea Mau Summit inapita karibu na maeneo mawili ya kale yanayojulikana na wataalamu duniani kote: Kariandusi, karibu na Gilgil, na Hyrax Hill, viungani mwa jiji la Nakuru. Upanuzi wa barabara hiyo kuanzia Rironi hadi Mau Summit, pamoja na ukuaji wa Nakuru tangu ilipopata hadhi ya jiji mnamo Desemba 1, 2021, unamaanisha kwamba barabara mpya, mitaro, madaraja na mitaa vitaendelea kukaribia maeneo ya aina hii.

Somo hili halisemi kwamba mradi fulani umevunja sheria. Linaeleza utaratibu, ili mkazi anapoona tangazo la mradi ajue la kufanya mapema, kabla tingatinga halijafika.

Tulicho nacho

*Kariandusi.* Louis Leakey alilitambua eneo hili mwaka wa 1928 na kuanza uchimbaji muda mfupi baadaye. Hapa pamepatikana mashoka ya mkono ya mawe kwa wingi. Mengine yalichongwa kutokana na mawe ya volkeno ya kawaida, na mengine kutokana na jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Jirani yake kuna machimbo ya udongo mweupe unaotumiwa viwandani, kwa hivyo shughuli za kiuchumi na turathi zimekuwa majirani pale kwa miaka mingi.

*Hyrax Hill.* Jina lake linatokana na pimbi, ambao wengine huwaita wibari, waliokuwa wengi katika miamba ya kilima. Mary Leakey alichimba hapa mwaka wa 1937 na 1938. Alipata makaburi ya wafugaji walioishi maelfu ya miaka iliyopita, na baadhi ya wanawake walikuwa wamezikwa pamoja na vyombo vya mawe. Katika sehemu nyingine ya kilima kuna mashimo yanayojulikana kama mashimo ya Sirikwa. Haya ni mazizi yaliyochimbwa ardhini karne chache zilizopita na watu ambao bado wanatajwa katika masimulizi ya Wakalenjin na Wamaasai. Pia kuna bao lililochongwa juu ya mwamba. Eneo hili lilitangazwa kuwa mnara wa kitaifa mwaka wa 1943, na jumba lake la makumbusho likafunguliwa kwa umma mwaka wa 1965.

*Pango la Mto Njoro.* Lilichimbwa na familia ya Leakey mwaka wa 1938. Ndani yake kulikuwa na mabaki ya watu waliochomwa baada ya kufa yapata miaka 3,000 iliyopita, wakiwa na shanga na vyombo vyao vya mawe.

*Maziwa.* Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita, pamoja na Ziwa Bogoria katika kaunti jirani ya Baringo, yaliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2011.

Kwa nini vitu hivi visihamishwe tu hadi kwenye jumba la makumbusho ili barabara ipite? Swali hili huulizwa mara nyingi barazani, na ni swali la haki. Jibu liko ardhini. Mtaalamu wa mambo ya kale hasomi jiwe peke yake. Husoma tabaka la udongo ambamo jiwe limelala, mfupa ulio kando yake, na majivu yaliyo chini yake. Jiwe likiondolewa bila kumbukumbu hiyo, linabaki kuwa jiwe tu. Tingatinga hufuta kwa asubuhi moja kile ambacho uchimbaji wa uangalifu ungechukua misimu kadhaa kukisoma, na hakuna fidia inayokirudisha.

Jambo la pili ni kwamba hatari si lami peke yake. Barabara huja na machimbo ya murram, kambi ya wafanyakazi, njia za muda za malori, na mitaro inayomwaga maji ya mvua mahali papya. Baadaye huja vibanda, vituo vya mafuta na mauzo ya viwanja. Ramani inaweza kuonyesha barabara ikipita mbali na kilima, huku murram ikichimbwa kwenye mteremko wa kilima hichohicho. Mkazi anayesoma mstari wa barabara pekee huwa amesoma nusu ya mradi.

Wengine walifanya nini

*Lamu.* Mji wa Kale wa Lamu uliingia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2001. Mnamo Machi 2012 serikali ilizindua mradi wa LAPSSET, unaojumuisha bandari, barabara kuu, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani. Hawakusema kwamba Lamu haitaki maendeleo. Walisema hawakuelezwa mradi ipasavyo, wavuvi wangepoteza maeneo yao, na utamaduni wa mji haukuzingatiwa. Mnamo Aprili 30, 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikubaliana nao kwamba haki zao za kupata habari, kushirikishwa, mazingira safi na utamaduni zilikiukwa. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Bandari haikufutwa, na gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

Funzo la Lamu lina pande mbili. Kwa mwananchi, sheria humsikiliza aliyepuuzwa. Kwa serikali, kuruka hatua ya kuwasikiliza watu hakuokoi muda wala pesa.

*Serengeti.* Mwaka wa 2010 serikali ya Tanzania ilitangaza mpango wa barabara kuu ambayo ingekata upande wa kaskazini wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, mahali ambapo nyumbu zaidi ya milioni moja hupita kila mwaka wakielekea Maasai Mara na kurudi. Sababu ya serikali haikuwa ya kubeza, kwani watu wa Loliondo walikuwa mbali na masoko na hospitali. Wapinzani walionyesha kwamba barabara ya lami na malori mengi vingevuruga uhamaji wa wanyama, na wakapendekeza njia ya kusini inayozunguka hifadhi. Mwaka wa 2011 Tanzania iliieleza Kamati ya Turathi za Dunia kwamba sehemu iliyo ndani ya hifadhi ingebaki ya changarawe. Shirika moja la Kenya la kutetea wanyama lilikuwa tayari limefungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha, na mnamo Juni 20, 2014, mahakama hiyo ikaamua kwamba mpango wa awali ulikuwa kinyume cha Mkataba wa Jumuiya.

Tuangalie nguvu ya pingamizi lile. Wapinzani hawakuishia kusema hapana. Walileta njia nyingine ambayo ingewafikia watu wengi.

*Nairobi.* Mwaka wa 2019 michoro ya barabara ya juu ya Nairobi Expressway ilionyesha kwamba kipande cha bustani ya Uhuru Park kingechukuliwa. Hii ndiyo bustani ambayo Profesa Wangari Maathai aliitetea mwaka wa 1989 dhidi ya jengo la orofa 60. Wananchi walipiga kelele, na mamlaka ya barabara ikasema mchoro ungebadilishwa. Mwaka uliofuata ukaja mjadala wa mti mkubwa wa mugumo kando ya Waiyaki Way, Westlands. Mti huo ulikuwa ung'olewe, lakini mnamo Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo la kuuhifadhi. Barabara ilijengwa, na mugumo ukabaki umesimama.

*Uingereza.* Stonehenge ni duara la mawe makubwa lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, na barabara yenye magari mengi, A303, inapita karibu nalo. Kwa miaka mingi serikali ilitaka kuizika barabara hiyo katika handaki la takriban kilomita 3. Hapa wapenzi wa turathi wenyewe waligawanyika. Baadhi ya taasisi za uhifadhi ziliunga mkono handaki kwa sababu lingeondoa kelele na magari mbele ya mawe. Wanaakiolojia wengi na UNESCO walipinga, kwa sababu midomo ya handaki ingechimbwa ndani ya eneo la turathi. Wakazi wa vijiji vya karibu, waliochoka na foleni kupita milangoni pao, walitaka suluhisho lipatikane haraka. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha idhini kwa sababu waziri hakuwa amepima ipasavyo njia mbadala na athari kwa kila sehemu ya turathi. Idhini ikatolewa tena mwaka wa 2023, kisha mwaka wa 2024 serikali mpya ikaufuta mradi kwa sababu ya gharama. Leo mawe yako salama, lakini foleni bado ipo.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa na kila upande. Mradi unaweza kuwa na nia njema kwa turathi na bado ukakosea mahali pa kuchimba. Vilevile, pingamizi linaweza kushinda na tatizo la barabara likabaki bila jibu. Kwa hiyo mjadala mzuri huanza kwa swali la pamoja: tunawezaje kufika bila kubomoa?

Nani anaamua nini

Watu wengi huja katika ofisi za kaunti na malalamiko kuhusu barabara ambayo kaunti haina mamlaka nayo. Ni vyema kufahamu mgawanyo uliomo katika Jedwali la Nne la Katiba ya 2010.

- Barabara kuu za kitaifa ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. KeNHA ndiyo inayozisimamia.
- Barabara za kaunti ni jukumu la Serikali ya Kaunti.
- Minara na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yako chini ya Serikali ya Kitaifa, na yanatunzwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kwa mujibu wa Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006.
- Leseni ya mazingira hutolewa na NEMA chini ya sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999. Bila leseni hiyo, mradi unaohitaji tathmini ya athari kwa mazingira haupaswi kuanza.

Je, kaunti haina sauti katika barabara ya kitaifa? Inayo. Inaweza kuwasilisha maoni yake kwa NEMA na kwa mamlaka ya barabara, kutumia mipango yake ya matumizi ya ardhi kulinda ukanda unaozunguka eneo la turathi, na kuwafikishia wakazi habari mapema. Haiwezi kutoa amri ya kusimamisha mradi wa KeNHA. Mkazi akijua hivyo, atapeleka barua yake mahali inapostahili na kuiletea kaunti nakala.

Milango minne ya kutoa maoni

*Mlango wa kwanza: mkutano wa umma.* Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa. Wakati wa tathmini, wataalamu wa mradi huitisha mikutano, mara nyingi kupitia kwa chifu, msimamizi wa wadi na matangazo ya redio. Hudhuria. Hakikisha jina lako liko kwenye orodha na kwamba hoja yako imeandikwa katika kumbukumbu. Hoja isiyoandikwa ni vigumu kuitetea baadaye.

*Mlango wa pili: maandishi kwa NEMA.* Ripoti ya tathmini ikikamilika, NEMA hutangaza kwamba iko tayari kusomwa na kutaja muda wa kutuma maoni. Soma tangazo lenyewe kwa tarehe ya mwisho. Ukiomba ripoti au ramani kutoka ofisi ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inaitaka ofisi hiyo ijibu ndani ya siku 21. Kwa hiyo omba mapema.

*Mlango wa tatu: Jopo la Kitaifa la Mazingira.* Asiyeridhika na uamuzi wa kutoa leseni anaweza kukata rufaa mbele ya jopo hili ndani ya siku 60. Mnamo Juni 2019 ndilo lililofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, na kasoro za kuwashirikisha wananchi zilikuwa miongoni mwa sababu kuu.

*Mlango wa nne: Mahakama ya Mazingira na Ardhi.* Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yanayohifadhiwa kwa vizazi vya sasa na vijavyo. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Huu ni mlango wa mwisho, na ndio wenye gharama kubwa zaidi. Wanaopita milango mitatu ya kwanza kwa makini mara nyingi hawaufikii.

Namna ya kuandika pingamizi lenye uzito

Tuchukue mfano wa kubuni. Barabara ya mtaa inapendekezwa kupita chini ya kilima chenye mabaki ya kale. Wakazi wawili wanaandika.

Wa kwanza anaandika: "Sisi wakazi hatutaki barabara hii. Inaharibu utamaduni wetu na serikali haitujali."

Wa pili anaandika: "Ramani iliyobandikwa katika ofisi ya wadi inaonyesha mtaro wa maji ya mvua ukielekezwa upande wa mashariki wa kilima, mahali palipo na mashimo ya kale. Ripoti haitaji mashimo hayo. Naomba mambo matatu: Makavazi ya Kitaifa yapime eneo hilo kabla ya leseni kutolewa, mtaro uelekezwe upande wa magharibi, ambako tayari kuna korongo, na murram isichimbwe kwenye mteremko wa kilima. Mimi ni mkazi wa hapa na ninahitaji barabara hii kwa biashara yangu."

Barua zote mbili zina uchungu, lakini ya pili ndiyo ngumu kuiweka kando. Inataja mahali, inataja upungufu wa ripoti, inapendekeza badala, na inaonyesha kwamba mwandishi hapingi maendeleo. Mhandisi anaweza kuifanyia kazi, na jopo au mahakama inaweza kuuliza kwa nini haikujibiwa.

Kabla ya kutuma barua yako, jiulize:

1. Nimetaja mahali hasa, kwa jina linalojulikana au kwa alama ya ardhini?
2. Nimesoma sehemu ya ripoti inayohusu turathi na utamaduni?
3. Nimeangalia machimbo, kambi na mitaro, pamoja na barabara yenyewe?
4. Nimependekeza njia nyingine au namna ya kupunguza madhara?
5. Nimebaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe?

Ukikuta kitu cha kale

Si kila turathi imeandikwa kwenye ramani. Bonde la Ufa bado linafukua mapya, na anayeyaona kwanza mara nyingi ni mchimba msingi, mchungaji au dereva wa tingatinga. Sheria ya mwaka wa 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kuwajulisha Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Usikiosha, usikihamishe, na usikiuze. Weka alama mahali hapo, piga picha, simamisha kazi katika sehemu hiyo, na mjulishe chifu au ofisi ya wadi ili habari ifike haraka. Shamba lako haligeuki kuwa mali ya serikali siku hiyohiyo kwa sababu umetoa taarifa. Hofu hiyo ndiyo imefanya mifupa na mawe mengi kuzikwa upya kimyakimya.

Maswali ya mjadala

Maswali haya yanaweza kutumiwa katika vikundi vya vijana, vyama vya wakazi na madarasa ya shule za upili.

1. Katika wadi yako, ni mahali gani wazee wanapataja kuwa pa kale au patakatifu? Je, pameandikwa popote?
2. Katika kisa cha Stonehenge, ungekuwa mkazi wa kijiji chenye foleni, ungeunga mkono upande gani, na kwa sababu gani?
3. Wakazi wa Lamu walishinda kesi na bandari ikajengwa. Je, huo ni ushindi au la? Eleza.
4. Tuseme barabara itapunguza ajali lakini itakata eneo la turathi. Taja njia tatu za kupunguza madhara kabla ya kusema ndiyo au hapana.
5. Mara ya mwisho kulipokuwa na mkutano wa umma katika eneo lako, ulihudhuria? Kama hukuhudhuria, ni nini kilikuzuia, na kaunti ifanye nini ili uje wakati mwingine?

Majibu ya swali la tano yanaweza kuwasilishwa kwa maandishi katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako. Iwapo matangazo huchelewa, au mikutano huitishwa saa ambazo wafanyakazi wa mashamba ya maua na wachuuzi wa soko hawawezi kufika, semeni waziwazi. Kosa la namna hiyo hurekebishika kwa urahisi, ilhali tabaka la udongo likishachimbuliwa halirudi mahali pake.